Mto Tana ni Amana ya Wasiozaliwa

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Garsen



Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia kwa kuwa walio hai walirudishiwa sauti. Lakini wako wenzetu ambao kura haijawafikia hata leo: watoto ambao hawajazaliwa. Uchaguzi huja kila baada ya miaka 5. Bwawa hudumu kwa vizazi. Kiongozi anayeweka jiwe la msingi leo hatakuwapo kumjibu mjukuu wa mkulima wa Garsen.

Tuutazame mto wetu wenyewe. Tangu zamani Mto Tana ulifurika kwa majira, ukaacha rutuba katika mashamba ya Wapokomo na malisho kwa ng'ombe wa Waorma na Wawardei. Mwaka 1981 Bwawa la Masinga lilikamilika huko juu. Taifa likapata umeme, wala hatuuonei kijicho. Ila mafuriko ya majira yalipungua, na gharama yake ikaangukia mashamba na malisho ya huku chini.

Tuutazame pia mradi wa umwagiliaji wa Bura. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, familia zililetwa kutoka pande nyingi za Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili zilime pamba. Maji yalitegemea pampu za dizeli pale Nanighi. Muongo ulipokwisha, pampu zilikuwa zimeshindwa kazi na mashamba yamekauka. Watoto waliozaliwa Bura walirithi mifereji mikavu. Taifa likarithi deni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta hii. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa miongoni mwazo.

Sheria haikutuacha yatima. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinataka mazingira yahifadhiwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Nayo Mahakama Kuu, Februari 2013, iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Kilichobaki ni sisi kudai haki hiyo itekelezwe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutia sahihi mradi wowote wa mto, serikali itamke hadharani, kwa Kiswahili, ni maji kiasi gani yatafika Garsen baada ya miaka 50, na ni nani atalipa deni. Pili, malka, yaani njia za mifugo kufikia mto, zilindwe kisheria pamoja na mashamba ya kando ya mto. Tatu, wazee wa Gasa na wa Matadheda waketi pamoja na akina mama na vijana kila mpango unapojadiliwa.

Waumini wanaijua habari ya Yusufu huko Misri, aliyeweka akiba miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Hiyo ndiyo sera yenye macho.

Basi kila mgombea atakayekuja kuomba kura, wa chama chochote, tumwulize swali la miaka 50. Asiye na jibu asipewe kura yetu, hata akija na magunia ya unga. Unga huisha kwa juma moja. Mto ukiuzwa, wajukuu wetu hawataukomboa.