Nyayo Tulizozifukia



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kufungua maonyesho haya ya picha za pande tatu za nyayo za Laetoli. Kabla sijakata utepe, nina jambo ambalo nimekaa nalo miaka mingi, na leo nimepata pa kulisemea.

Nilifika Laetoli mara ya kwanza nikiwa mwalimu kijana. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba pale, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, zamadamu walipita kwa miguu miwili wakaacha alama. Nilichoonyeshwa ni rundo la mawe, na migunga imeota juu yake. Nikauliza, nyayo ziko wapi? Nikajibiwa: ziko hapo chini, Mwalimu, zimefukiwa. Nikarudi darasani na picha ileile ya kitabuni, nyeusi na nyeupe, isiyozidi kiganja changu.

Waliozifukia walifanya jambo la busara. Nyayo zile zimo katika majivu ya volkano yaliyolowa mvua yakashikamana yakawa magumu. Zikiachwa wazi, jua, mvua na kwato za ng'ombe zitazimaliza. Ndiyo maana timu ya mtafiti Mary Leakey, iliyofukua msururu wa karibu mita 27 mwaka 1978 na 1979, iliufunika tena kwa mchanga na mawe. Bahati mbaya mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, mizizi ikashuka hadi kwenye nyayo zenyewe. Miaka ya 1990 Serikali yetu, ikishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani, ikalazimika kukata miti ile, kufunua nyayo, kutoa mizizi kwa uangalifu mkubwa na kupiga picha za vipimo, kisha kufukia upya kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa vyenye dawa ya kuzuia mizizi.

Kwa hiyo wengi wetu humu ndani tutaondoka duniani bila kuuona msururu ule kwa macho. Tutakachokiona ni picha. Na mtafiti anayetaka kujua kisigino kilizama kiasi gani, naye ataipima picha. Ndiyo sababu nasema picha hizi tuzitunze kama tunavyotunza kale yenyewe.

Wazazi mliokuja na watoto, niwaeleze kidogo jinsi picha hizi zinavyotengenezwa. Fumba jicho moja ujaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano. Utahangaika, kwa sababu jicho moja halikupi umbali. Yanatakiwa mawili, kila moja likitazama kutoka upande wake. Fotogrametria, yaani njia iliyotumika kutengeneza picha hizi, hutumia hesabu hiyohiyo. Unaupiga unyayo mmoja picha nyingi ukiuzunguka, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia, na rula ikiwa imelazwa kando. Programu ya kompyuta hutafuta chembe ileile ya udongo katika picha mbalimbali, ikakokotoa mahali ilipo. Chembe zikifika mamilioni, umbo la unyayo linainuka kwenye kioo, na unaweza kuligeuza na kulipima.

Faida yake imeonekana palepale Laetoli. Mwaka 1976, katika sehemu inayoitwa A, zilipatikana nyayo tano zenye umbo la ajabu. Wapo wataalamu waliosema ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na kwa miaka mingi hazikushughulikiwa sana. Mwaka 2019 timu aliyokuwamo Profesa Charles Musiba ilizifukua na kuzisafisha, ikalipima umbo lake kwa pande tatu, ikalilinganisha na nyayo za dubu, sokwe na binadamu. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba aliyepita pale alikuwa zamadamu, tena pengine wa aina tofauti kabisa na wale wa msururu mkubwa. Miaka michache kabla ya hapo, Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walikuwa wamepata nyayo nyingine umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za Leakey, nazo wakaziweka katika picha za namna hii.

Vijana wangu wa akiolojia, hapa nawaomba mnisikilize sana. Programu ikikosa chembe za kutosha, huziba pengo kwa kukisia, na pengo lililozibwa hupendeza macho kuliko udongo wa kweli. Onyesheni wazi mlipokisia. Andikeni tarehe, kipimo na jina la aliyeshika kamera. Na msiweke kazi mahali pamoja. Nimewahi kushuhudia kazi ya kiangazi kizima ikipotea kwa sababu diski moja ilianguka sakafuni, na mchimbuo ulikuwa umeshafukiwa. Kijana aliyekuwa na dhamana ile alilia mbele yetu. Hakukuwa na pa kurudia.

Nakala kamili za picha hizi lazima ziwe hapa nchini, katika sehemu mbili au zaidi, ili mwanafunzi wa Karatu asilazimike kuandika barua ya kuomba ng'ambo ili aone unyayo uliokanyagwa nchini kwao.

Wazee wetu wa kimila mliotoka Endulen na vijiji vya jirani, nimeambiwa baadhi yenu mlibeba mchanga ule wa kufukia mwaka 1996. Mlikifunika kitu ambacho wengi wetu hatujakiona. Naomba utepe huu tuukate pamoja, na ninyi mtangulie kuingia.

Maonyesho yamefunguliwa rasmi. Karibuni, wazee.