TAARIFA YA TAWI: KIJANA APEWE FOMU, NA DAFTARI PIA

Ndugu wanachama,
 

Haya ni maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi Ijumaa iliyopita. Wengi mlikuwa dago, kwa hiyo tunayatuma kama yalivyosemwa.

Ndugu zangu, yanayosemwa barazani tunayasikia. Vijana wetu wawili wametia nia kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024, mmoja uenyekiti wa kijiji, mwingine wa kitongoji. Wote wamevuka miaka 21 inayotakiwa. Wazee wanauliza: mtoto wa juzi atatuongoza? Vijana wanajibu: basi kaeni na viti vyenu. Tukiacha hivi, Novemba itatukuta mafungu mawili.

Tuwape mfano wa mtu mnayemsikia redioni, Ndugu Jerry Silaa, ambaye Julai 2024 alihamishiwa Wizara ya Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari.

Hakuanzia uwaziri, alianzia udiwani. Meya kwetu huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, kama madiwani wetu wanavyomchagua mwenyekiti wa halmashauri pale Kilindoni. Mwaka 2010 madiwani wa Ilala walimpa umeya akiwa hajatimiza miaka 30. Ilala ndiyo yenye Kariakoo na soko la samaki la Feri. Machi 2013, ndani ya manispaa hiyo, jengo la ghorofa 16 liliporomoka na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatumtwishi lawama. Tunataka vijana wajue kwamba kiti si sherehe. Siku ya msiba watu wanakugeukia wewe.

Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Ukonga. Alikuwa meya, tena alishakuwa mjumbe wa Kamati Kuu. Akashindwa na Mwita Waitara, wakati huo wa CHADEMA. Vyeo havikumpigia kura. Hakuhama Chama, alisubiri miaka mitano, na mwaka 2020 akaupata ubunge huo.

Mwaka 2021 Bunge lilimsimamisha mikutano miwili kwa kauli yake kuhusu mishahara ya wabunge kutokatwa kodi. Wapo waliosema ameonewa, wapo waliosema amestahili. Sisi tuliosoma uhasibu tunachukua somo moja tu: mshahara ni mstari wake na posho ni mstari wake. Anayetaja fedha za watu hadharani awe na karatasi mkononi.

Hakuzama hapo. Aliongoza Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, na Agosti 2023 akawa Waziri wa Ardhi. Huko wizara iliendesha kliniki za ardhi, maofisa wakatoka ofisini kuwasikiliza wenye migogoro.

Mtasema Ilala si Ghuba ya Chole. Kweli, sisi tuna madau, mwani na pweza, hatuna maghorofa. Lakini ngazi ni ile ile: unaanza chini, unapewa dhamana, unahesabiwa, unaanguka, unarudi. Tukimnyima kijana kipandio cha kwanza, miaka kumi ijayo tutalalamika kwamba hatuna mtu wa kututetea. Tukimpa bila kumuuliza hesabu, tutakuwa tumemharibu wenyewe.

Kwa hiyo kikao kimeamua:

1. Mwenye sifa apewe fomu. Asiulizwe ni mtoto wa nani wala ana shilingi ngapi.

2. Kabla ya kura za maoni, kila mtia nia, kijana kwa mzee, asome mbele yetu hesabu za kikundi chochote alichowahi kushika: cha mwani, cha pweza, cha kuweka na kukopa. Asiyewahi kushika aseme hivyo, si aibu.

3. Atakayeteuliwa aahidi mbele ya wanachama kusoma mapato na matumizi katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, kama utaratibu unavyotaka.

Na tuseme la kwetu. Daftari la ada la tawi halijasomwa tangu Machi. Ni kosa la ofisi hii, hatulisingizii bahari wala msimu. Hatuwezi kumdai kijana tusichofanya wenyewe. Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, tutaanza sisi: risiti zote mezani, na kila mwanachama ruhusa kuuliza.

Mwisho, uandikishaji ulipangwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Hili ni daftari la wakazi kwa uchaguzi wa vijiji, si lile la kudumu. Hata mwenye kadi ya mpiga kura lazima aende kujiandikisha. Walioko dago, pangeni siku ya kurudi.

Mwenye simu amsomee asiye nayo.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi. Kazi iendelee.

Katibu wa Tawi