Haki ya Kulala Usiku Mmoja

Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Ubungo



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya mikutano ya “fursa” inayoitishwa katika kumbi za mitaa yetu, toka Manzese hadi Kimara. Hatusimulii mambo ya kusikia. Sisi wajumbe wawili wa Tume tulialikwa katika mkutano mmoja wa namna hiyo na muumini mwenzetu, mtu mwema, tukaketi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaliko ulisema ni semina ya ujasiriamali ya saa moja, bila kiingilio. Tulifika saa nane mchana, tukapokewa kwa muziki na vigelegele, tukaombwa kuzima simu. Wazungumzaji walipokezana. Mmoja alionyesha picha ya gari lake. Mwingine alilia akisimulia jinsi alivyokuwa akishindwa kulipa kodi ya chumba. Mara kwa mara tuliulizwa: “Nani anataka watoto wake wasome vizuri?” Mikono yote ikainuka, ya kwetu ikiwemo.

Saa kumi na moja jioni ndipo bei ilipotajwa. Kilichouzwa kilikuwa kifurushi cha bidhaa, na mnunuzi aliahidiwa kupata faida kila atakapoleta mnunuzi mwingine. Kisha tukagawanywa, kila mgeni na meza yake, akiwa amekabiliwa na watu wawili. Mama mmoja aliyesema anataka kwanza kushauriana na mumewe alijibiwa kwamba maskini ndio wanaoomba ruhusa. Aliyesema hana fedha aliulizwa nyumbani ana kitu gani cha kuuza. Bei hiyo, tuliambiwa, ni ya leo tu. Wakala wa kutuma fedha kwa simu alikuwa ameketi mlangoni.

Mmoja wetu alilipa. Si mtu wa kudanganyika kirahisi. Ametunza hazina ya jumuiya yake kwa miaka mingi bila dosari. Alitueleza baadaye kwamba alilipa kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa aliona haya mbele ya ndugu aliyemwalika. Fedha hizo zilikuwa ada ya mtoto. Kesho yake alirudi kuomba arejeshewe, akaonyeshwa maandishi madogo chini ya fomu. Mwezi uliofuata bei ilikuwa ileile.

Ndugu zangu, ni kosa gani lilitendeka pale? Wapo watakaosema hakuna kosa, kwa sababu mtu mzima alisaini kwa mkono wake. Kanisa halikubali jibu hilo kwa haraka. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida au hofu ametendewa kwa nguvu na kinyume cha haki, ingawa amekubali. Barua ile ilihusu mishahara, lakini kanuni yake inafika hata mezani petu: neno “ndiyo” peke yake halitoshi kuufanya mkataba uwe wa haki. Hata Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, isiyopatikana kwa shuruti, ushawishi usiofaa wala udanganyifu.

Tunaona kwamba kitu cha kwanza kilichochukuliwa pale ukumbini kilikuwa muda wa kufikiri, fedha zilifuata. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tuliketi saa tatu na zaidi, lakini hatukuachiwa hata dakika moja ya kuhesabu.

Jambo hili halipo kwetu tu. Huko Ulaya watalii wengi walivutwa katika mikutano kama hiyo, wakauziwa haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1994 Jumuiya ya Ulaya iliagiza kwamba mnunuzi apewe siku zisizopungua 10 za kubatilisha mkataba bila kutoa sababu. Agizo la mwaka 2008 lilifanya siku hizo kuwa 14, na likakataza muuzaji kupokea malipo yoyote kabla hazijaisha. Watunga sheria wale walielewa ugonjwa ulipo, wakamrudishia mnunuzi usiku wake wa kulala na kutafakari.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Kati ya mwaka 2007 na 2009, hapa jirani Mabibo, wakati huo ikiwa Wilaya ya Kinondoni, DECI ilipokea fedha za watu wengi kwa ahadi ya “kupanda mbegu” na kuvuna maradufu. Serikali ilipousimamisha mchezo huo mwaka 2009, waliochelewa kuvuna walibaki na karatasi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Tusisahau kwamba miongoni mwa walioongoza walikuwamo wachungaji, na kwamba lugha iliyotumika ilikuwa lugha ya Injili. Upatu wa majirani, ambapo kila mmoja hupokea kwa zamu kile alichochanga, ni jambo jema. Upatu unaomlipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho ni jambo jingine, na sheria inaukataza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila familia ijiwekee sharti: hatulipi wala hatusaini siku ileile. Fomu ije nyumbani, isomwe na wote, ilale usiku mmoja. Muuzaji akikataa fomu isitoke ukumbini, amekwisha kutujibu.

Pili, tuulize bila haya: faida hii inatoka katika kuuza bidhaa, au katika kuleta watu wapya? Nikijuta kesho, fedha zangu nitarudishiwa kwa utaratibu gani ulioandikwa?

Tatu, viongozi tusikopeshe heshima yetu. Ukumbi wa parokia, matangazo baada ya Misa na orodha ya simu za wanajumuiya si mali ya mfanyabiashara yeyote. Mwenyekiti wa jumuiya anapomwalika mjane katika mkutano wa fursa, mjane huyo huona vigumu kukataa.

Nne, aliyepoteza asichekwe. Asaidiwe kuandika malalamiko na kuyapeleka Tume ya Ushindani au polisi, tena asindikizwe. Hata yule aliyetualika tusimtenge. Tulipomtembelea tulikuta maboksi ya bidhaa yamejaa chini ya kitanda chake. Naye aliwahi kuketi kwenye meza ileile, na alikuwa akitutafuta sisi ili apate kurudisha fedha zake. Tulisali naye, kisha tukamwomba asimwalike mwingine. Alikubali, ingawa hasara imebaki kwake.

Ndugu yetu mweka hazina ameruhusu tuyaseme haya yote. Ada ya mtoto ilichangwa na jumuiya. Anaomba jambo moja tu: mtakaporudi katika jumuiya zenu wiki hii, msome sharti la kwanza kwa sauti, kabla ya mwaliko mwingine kufika.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.