Transista Haifi Bure: Kutafuta Hitilafu katika Saketi ya Kurekebisha Pawa Fakta

Mhadhara wa umma, Msangano, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe



Mafundi wa Tunduma na wa vijiji vya Momba wanaijua hadithi hii. Runinga kubwa au pawasapulai ya kompyuta inaletwa ikiwa imekufa. Fundi anaifungua, anakuta transista moja ina shoti, anaibadilisha, kifaa kinawaka, mteja analipa. Wiki chache baadaye mteja yuleyule yupo mlangoni na lawama mkononi. Hoja yangu leo ni moja: mara nyingi transista hiyo imeponzwa tu, na aliyeiponza yuko kwenye umeme unaoingia. Fundi asiyeupima umeme huo atabadilisha vipuri mpaka mteja amchoke.

Kazi ya saketi ya kurekebisha pawa fakta

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde, na kilele cha wimbi lake kinafika volti 325. Vifaa vya zamani vina dayodi nne na kapasita kubwa. Kapasita hiyo hupokea umeme pale tu wimbi linapokaribia kilele, hivyo mkondo huvutwa kwa mikupuo mifupi mara 100 kila sekunde. Ni kama malori ya mpaka wa Tunduma yaliyozuiwa kutwa nzima, kisha yakaachiwa yote kwa saa moja: shehena ni ileile na barabara ni ileile, ila foleni haikwepeki. Pawa fakta ni wati zinazotumika zikigawanywa kwa zao la volti na ampea: kifaa cha wati 300 chenye pawa fakta ya 0.6 huvuta ampea 2.2; chenye 0.99 huvuta ampea 1.3 kwa kazi ileile. Tofauti hiyo huishia kupasha moto nyaya na transfoma.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2 kiliwekea mikupuo hiyo mipaka, hasa kwa vifaa vinavyozidi wati 75. Watengenezaji wengi wakaongeza koili, mosfeti (aina ya transista) na dayodi ya kasi kabla ya kapasita: hiyo ndiyo saketi ya kurekebisha pawa fakta. Mosfeti huwaka na kuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwaka, koili hujaa nishati. Ikizima, nishati hiyo husukumwa kwenye kapasita kwa volti 380 hadi 400. Chipu ya udhibiti huilinda volti hiyo huku ikiufanya mkondo ufuate umbo la wimbi.

Tusiichanganye habari hii na pawa fakta mbovu ya mota za mashine za kukoboa mpunga. Mota huchelewesha mkondo nyuma ya volti, na dawa yake ni kapasita za kufunga sambamba. Kapasita hizo haziponyi mikupuo.

Namba tatu za mita

Usalama kwanza. Kapasita ya maikrofaradi 470 kwenye volti 400 huhifadhi jouli zaidi ya 37 hata plagi ikiwa imechomolewa. Itoe chaji kwa rezista, usitumie bisibisi, kisha pima uhakikishe. Klipu ya ethi ya oskiloskopu isiguse upande wa bodi ulio na umeme wa laini mpaka kifaa kinachopimwa kiwe kwenye transfoma ya kutenganisha.

Mosfeti ikikutwa na shoti, kagua pia rezista ndogo ya kupimia mkondo, rezista ya geti na chipu yenyewe. Kimojawapo kikiwa kibovu, mosfeti mpya inaweza kuungua papo hapo. Kisha washa kupitia balbu ya waya iliyofungwa kwa mfululizo, kifaa kikiwa hakina mzigo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Kukiwa na mzigo balbu hiyo hupotosha, kwa kuwa saketi hii ikipewa volti pungufu huvuta mkondo zaidi.

Sasa pima kapasita kubwa. Mita ikisoma sifuri, njia imekatika kabla yake: fyuzi, termista, dayodi au koili. Ikisoma 325, umeme unapita tu bila kupandishwa: tafuta umeme unaoendesha chipu na mnyororo wa rezista kubwa unaoipa taarifa za volti. Lakini kumbuka kwamba runinga nyingi zikiwa zimezimwa kwa rimoti husoma 325 bila ubovu wowote. Ikisoma karibu 390 kifaa kikiwa kazini, saketi hii inapandisha vizuri, endelea mbele.

Chanzo kilicho nje ya bodi

Kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, tuseme umeme wa jioni umeshuka hadi volti 170. Saketi hii haipunguzi kazi. Mkondo unapanda kwa asilimia 35, na joto kwenye kila ukinzani linapanda kwa asilimia 83. Kwenye kilele cha wimbi, mosfeti iliyokuwa ikiwaka asilimia 17 ya kila mzunguko wake sasa inawaka asilimia 38. Ndipo inapoweza kuungua.

Kuna pia upande wa pili: saketi hii hupandisha volti, haijui kushusha. Jenereta ikifika volti 280, kilele ni 396, na umeme unapita kwenye dayodi hata chipu ikijizima. Nyutro ya laini ya fezi tatu ikikatika, nyumba inaweza kukaribia volti 400, yaani kilele cha 566. Kapasita ya volti 450 haivumilii hilo.

Msitegemee laini ya kilovolti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga imalize tatizo hili: hiyo ni ya kuimarisha mgongo wa gridi. Waya mrefu na mwembamba kutoka transfoma ya kijiji hadi nyumba ya mwisho ni suala jingine.

Wito

Mafundi, pimeni plagi ya mteja mchana na saa mbili usiku, na muandike namba hizo kwenye risiti. Zikiwa mbaya, mteja azipeleke TANESCO, na kifaa kiwekewe stebilaiza inayokata umeme ukizidi au ukipungua. Walimu wa ufundi, fundisheni mita kabla ya kulehemu. Na ninyi wateja, kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni kipuri kimekufa kwa sababu gani. Asiye na jibu hajamaliza kazi.