Presha, Sukari na Ghala la Mkulima

Hotuba kwa wakulima na familia zao, Voi



Njaa inapotajwa Taita Taveta, watu hutaja mvua na ndovu. Wana haki. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa. Sehemu kubwa ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, na mkulima wa Sagalla au Kasigau hukesha akilinda mahindi yake. Lakini yuko mwizi wa tatu asiyeacha nyayo shambani: ugonjwa wa muda mrefu, kama presha, kisukari, pumu na Ukimwi.

Mwizi huyu huanza na siku za kazi. Wakulima wengi wa nyanda za chini hutegemea mvua ya vuli, nayo ni fupi. Anayechelewa kupanda mahindi au pojo hupata mavuno haba hata mvua ikinyesha vizuri. Chukua mfano wa nyumba moja: mama ana kisukari na kidonda mguuni, na wiki ya kupanda imefika. Yeye yuko kitandani. Binti yake amebaki kumuuguza, na baba amempeleka Voi hospitalini. Mgonjwa ni mmoja, lakini jembe lililolala si moja.

Kisha mwizi hugusa mali. Mbuzi anauzwa kwa ajili ya nauli na dawa. Msimu unaofuata, mbegu iliyotunzwa inapikwa, au kipande cha shamba kinakodishwa. Mvua nzuri inaporudi, nyumba hiyo haina cha kupanda.

Mwisho, njaa humrudia mgonjwa. Chakula kikipungua, sahani hubaki na ugali mtupu, ambao hupandisha sukari. Wengine huacha dawa kwa sababu hawajala. Na kweli, anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari akikaa njaa, sukari inaweza kushuka ghafla hadi azimie. Lakini dawa za presha zikiachwa, kiharusi kinaweza kufuata. Asiyeweza kula vizuri amweleze daktari ili apangiwe dawa inavyofaa, badala ya kuiacha kimyakimya.

Mambo manne yanaweza kumzuia mwizi huyu.

Kwanza, kupima mapema. Presha haiumi, na wengi huijua siku wanapoanguka. Tangu 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa vifaa vyenye mashine za kupima presha na sukari. Mkulima hana haja ya kupoteza siku nzima barabarani ili apimwe. Amuulize mhudumu wa kijiji chake.

Pili, kujisajili na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyejisajili huhudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Kulazwa hospitalini kunahitaji mchango uwe umelipwa, na ni rahisi kuulipa baada ya mavuno kuliko kumuuza mbuzi usiku wa dharura.

Tatu, kulinganisha kalenda ya kliniki na ya shamba. Mgonjwa amwambie mhudumu wa kliniki mapema lini anapanda na lini anavuna, waulizane kama anaweza kupewa dawa za kumvusha kipindi hicho. Nyumbani, kazi nzito ifanywe asubuhi, na mwenye kisukari asiingie shambani bila viatu. Mchubuko mdogo mguuni unaweza kumgharimu msimu mzima.

Nne, kupanda kwa kuzingatia nguvu zilizopo. Mbaazi na mtama huvumilia ukame kuliko mahindi. Kunde hutoa mboga majani yakiwa machanga, kabla hata ya mbegu kukomaa. Bustani ndogo ya mchicha karibu na jikoni inaweza kutunzwa hata na asiyeweza kushika jembe. Na vikundi vinavyolimiana kwa zamu vianze na shamba la mwenye mgonjwa, mvua ya kwanza inaponyesha, kabla ya kuanza kuchanga pesa za hospitali.

Jirani anayesaidia kupanda Novemba hatahitaji kuchangia unga Machi. Kabla ya mvua ijayo, kila kikundi kijiulize: ni nyumba gani kijijini ina jembe lililolala kwa sababu ya ugonjwa?