Kompyuta Kuukuu Bado Ina Kazi



Leo tuzungumze juu ya zile laptopu zilizotumika kwanza maofisini, kisha zikauzwa kwa bei nafuu na kufika kwenye vikundi vyetu. Tuchukue mfano wa ThinkPad T420, iliyotoka mwaka wa 2011. Ni mashine ngumu, ya kazi. Lakini siku hizi tunasikia, "Imekuwa nzito, tuchange tununue nyingine." Jameni, ngojeni kwanza! Pesa hizo ni akiba ya wanachama. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima, ila programu ndizo zinazoilemea.

Kwanza, wekeni nakala. Kabla ya kugusa lolote, katibu na mweka hazina wanakili daftari la akiba na mikopo kwenye flashi, kisha waifungue waone kama inasomeka. Flashi hiyo isikae mkoba mmoja na kompyuta. Rekodi ya mkopo wa mwanachama ikipotea, ugomvi wake hautatulizwa na kompyuta mpya.

Pili, punguzeni mzigo. Kwenye Windows 10, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu mtafute palipoandikwa Startup. Hapo mtaona programu zinazojiwasha zenyewe kila mashine inapowaka. Zile msizozihitaji zizimeni. Hazifutiki, zitangoja mpaka mziite. Ile ya kuzuia virusi iacheni.

Tatu, itengenezeni iwafae ninyi. Kuzeni herufi ili hata mzee asome bila kukodoa macho. Punguzeni mwanga wa skrini ili betri idumu stima ikipotea. Tena kila anayeitumia awe na neno lake la siri.

Nne, kuna jambo la usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Nayo T420 haitimizi masharti ya Windows 11. Hapo mtaambiwa ati mashine imekufa. Haijafa! Kuna Linux Mint, toleo la Xfce, ambalo halilipiwi. Linahitaji angalau kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni afadhali, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Linakuja na LibreOffice, ambayo hufungua majedwali ya Excel.

Mwombeni kijana mwenye ujuzi aliweke kwenye flashi nyingine, si ile ya nakala, maana yote yaliyomo hufutwa. Chomekeni flashi hiyo, washeni mashine mkibonyeza F12, kisha mchague flashi. Mtalijaribu kabla ya kubadilisha chochote ndani ya kompyuta. Fungueni daftari lenu. Hesabu zikipatana, ndipo mkutano uamue kuliweka moja kwa moja. Kuliweka kunaweza kufuta Windows na mafaili yote. Ndiyo sababu tulianza na nakala.

Hatusemi kila mashine itapona. Diski ikianza kugonga-gonga, acheni kuitumia, fundi aitazame.

Basi, katika mkutano ujao, kabla mchango haujatajwa, mtu aulize: nakala iko wapi, na ni nani aliyeifungua akaiona inasomeka?