KIJANA MWENYE CHETI NA UTAFUTAJI WA KAZI

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, wanachama na vijana waliohitimu vyuo)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama Kikuu, Ndugu Makatibu na Wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi, wazee wangu wanachama, na ninyi vijana wetu mliokaa pale nyuma na bahasha zenu mapajani:

Nimeombwa nizungumze juu ya utafutaji wa kazi. Huenda mtu akauliza, mkaguzi wa mahesabu ana habari gani na jambo hilo? Anayo, Ndugu zangu. Katika vitabu vya vyama vyetu vya kuweka na kukopa, sababu ya mkopo ninayoikuta imeandikwa mara kwa mara ni ada ya mtoto. Mzee anakopa, anarejesha kwa fedha za korosho, msimu mmoja hadi mwingine. Mtoto naye anahitimu, anarudi nyumbani na stashahada yake ya uhasibu au shahada yake ya kilimo, anakaa mwaka wa kwanza, anakaa wa pili. Deni lina tarehe ya kulipwa, bali kazi haikuahidiwa tarehe. Kwa hiyo jambo hili limo katika vitabu vyetu, tupende tusipende.

Nina neno moja kubwa la kuwaambia vijana, na mengine yote yanalifuata. Kazi ya mkaguzi ni kuuliza: hati iko wapi? Karani akiandika katika daftari la fedha kwamba alilipa shilingi laki mbili za usafirishaji, mimi simwambii kuwa ni mwongo; namwomba hati ya malipo. Asipokuwa nayo, maandishi yake hayasimami, hata kama alilipa kweli. Basi mwajiri naye husoma barua ya maombi kwa jicho hilo hilo. Kila unalolidai juu ya nafsi yako hapana budi liwe na hati yake.

Nimesoma barua nyingi za maombi zilizoletwa katika vyama, kwa sababu aghalabu Bodi hutuomba ushauri. Nyingi zafanana kama zimetoka katika kalamu moja. Mwombaji anasema yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, na asiyehitaji kusimamiwa. (Neno hili la mwisho, vijana, humtia hofu mkaguzi kuliko yote.) Sifa hizo zaweza kuwa za kweli kabisa, lakini hati ziko wapi? Afadhali mtu aandike: “Katika mafunzo kwa vitendo nilipokea na kupima korosho katika ghala la chama cha msingi kwa wiki 6, nikaandika stakabadhi za wakulima, na nikalinganisha leja za wanachama na kitabu cha mapokezi kila jioni.” Hapo hakujisifu hata kidogo, na msomaji amekwisha kuona uaminifu wake na uchapakazi wake, tena anajua ni nani wa kumpigia simu ili ahakikishe.

Nitatoa mfano. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilitafuta mhasibu msaidizi. Waliofika katika usaili wa mwisho walikuwa wawili: kijana mwenye shahada, na binti mwenye stashahada. Waliwekewa mezani swali moja la karatasi. Taarifa ya benki inaonyesha salio la shilingi 4,350,000. Daftari la fedha la chama linaonyesha shilingi 4,000,000. Eleza tofauti hiyo. Pamoja na swali walipewa taarifa yenyewe, daftari, na vishina vya hundi.

Kijana wa shahada alieleza vizuri sana maana ya usuluhisho wa benki na faida zake, kama alivyofundishwa, na saa ikamwishia hapo. Binti alichukua kalamu akaanza kutia alama, hundi kwa hundi. Akakuta hundi ya msafirishaji, shilingi 370,000, imeandikwa katika daftari lakini haijafika benki. Akakuta tena makato ya huduma za benki, shilingi 20,000, ambayo karani hakuyaingiza katika daftari. Akaondoa 370,000 katika salio la benki, akaondoa 20,000 katika salio la daftari, na pande zote mbili zikasimama kwenye 3,980,000. Alipoulizwa amejifunza wapi, alisema kwamba wakati wa likizo alikuwa akimsaidia katibu wa chama cha kijijini kwao, bila mshahara, kila benki ilipoleta taarifa ya mwezi.

Yule wa shahada hakukosa elimu, wala mimi sisemi shahada haina maana. Alikosa jambo ambalo chuo hakiwezi kumpa mtu peke yake. Hata Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, huwatoa wanafunzi wake kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa chajua kwamba leja ya darasani haina karani aliyesahau kuandika.

Sasa mtaniuliza: kazi hatuna, hati hizo tutazipata wapi? Swali ni la haki. Mwajiri anataka uzoefu, na uzoefu hupatikana kwa mwajiri. Huo ni mduara, nami sitawaambia kwamba haupo. Lakini sisi wa nchi ya korosho tuna mlango ambao vijana wetu wanaupita bila kuutazama. Msimu ukifunguliwa mwezi wa Oktoba, vyama hutafuta watu wa mizani, wa kuandika stakabadhi, wa kuhesabu magunia, wa kuingiza majina na akaunti za wakulima katika kompyuta. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho, msimu wa 2007/2008, makaratasi ya chama yameongezeka na makosa yake yamekuwa ghali: namba moja ya akaunti ikikosewa, fedha ya mzee haifiki kwake. Hapo ndipo pa kujifunzia kazi. Lakini kijana mwenye stashahada aona aibu kuonekana kwenye mizani na watoto wa darasa la saba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi mmoja wa mizani ulioandikwa vizuri katika wasifu wako una uzito kuliko miaka miwili ambayo hukuandika kitu.

Ila naweka mpaka. Kujitolea kuwe na muda maalumu na kazi inayojulikana. Anayekufanyisha kazi ya karani kamili mwaka mzima kwa chai na maneno matamu, huyo hakufundishi. Amepata karani wa bure.

Juu ya maombi ya Serikali nitapita upesi, kwa sababu masharti huandikwa wazi katika kila tangazo, na ajabu ni kwamba watu hawasomi. Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, si kwa mkono. Barua isainiwe. Vyeti vithibitishwe na wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi mahali pa cheti chenyewe. Taja wadhamini watatu, na kabla hujawataja waombe ruhusa, mdhamini anayepigiwa simu akajibu “Nani huyo?” amekwisha kukuangusha. Anayekwenda kwa mwenye kompyuta mjini ajaziwe fomu, akae pale pale asome kila mstari kabla haujatumwa, na nywila yake aiandike yeye mwenyewe aondoke nayo.

Jina lako liwe moja. Nimeona cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi, cha sekondari Khamis, na cha chuo kina jina la babu mahali pa baba. Rekebisheni mapema kwa njia ya sheria, msingoje siku ya usaili. Na mtu asijaribiwe kuongeza au kughushi. Mwezi wa Aprili 2017, taarifa ya uhakiki wa Serikali ilipotolewa, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka mingi na kujenga nyumba.

Sasa juu ya kujuana, neno ambalo vijana hulitaja kwa uchungu. Wapo wanaopata kazi kwa ujamaa wa damu, nami kama mkaguzi nimewakuta, tena aghalabu katika vyama vyenye upungufu wa fedha. Hayo nitayarudia kwa Makatibu. Lakini kuna kujuana kwingine kusiko na doa. Nafasi nyingi za vyama, maghala, shule na maduka ya pembejeo hazifiki gazetini. Zinajulikana kwa aliyepita kuuliza. Mwambie mwalimu wako wa zamani kwamba unatafuta kazi. Mwambie shangazi aliye Masasi. Pita ofisi tano kwa wiki, uliza kwa adabu, acha wasifu wa kurasa mbili, andika katika daftari ulikwenda wapi na uliambiwa nini, halafu rudi baada ya muda ulioambiwa. Asiye na daftari hurudia ofisi ile ile mara tatu na kuisahau ile iliyomwambia arudi Jumatatu.

Na yeyote atakayekuambia utume fedha kwa simu, ati ya fomu, ya vipimo vya afya, au ya sare, usimtumie. Mwajiri wa kweli halipwi na mwajiriwa. Wazazi, msiuze mbuzi kwa ajili ya watu hawa.

Siku ya usaili, vaa nguo zako safi zinazokutosha. Nimewahi kuona koti la kuazima limefunika vidole, na mwenye koti akashughulika nalo kuliko maswali. Jua chama au kampuni inafanya nini kabla ya kuingia. Usilolijua, sema hulijui, na eleza ungemwuliza nani au ungetazama kitabu gani. Ukiulizwa mshahara, usitaje namba ya ndoto wala usiseme “chochote”. Uliza kwanza ngazi ya chama ni ipi.

Ukipata kazi, omba maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ni asilimia 20 ya mshahara, na ya mfanyakazi haizidi 10. Kuuliza mambo haya si utovu wa adabu. Anayechukia kuulizwa, jihadhari naye.

Nawageukia sasa Makatibu na Wajumbe wa Bodi, maana nusu ya jambo hili iko mikononi mwenu. Elimu, mafunzo na habari ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika duniani, nyote mmeikariri. Lakini kijana akija kuomba mafunzo kwa vitendo, anakalishwa sebuleni kupokea wageni na kuchemsha chai, na siku ya kuondoka anapewa barua kwamba “alikuwa mtiifu na mwenye tabia njema.” Barua hiyo haimsaidii popote. Mpeni leja, mkae naye, na mwandike katika barua kazi alizozifanya, siku ngapi, na kosa gani alilolirekebisha. Msimsifu kupita alivyofanya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwajiri wa pili hatawaamini tena ninyi wala kijana mwingine atakayetoka kwenu.

Nafasi ikipatikana, tangazo libandikwe ubaoni pa chama na pa ofisi ya kijiji, si kuwekwa mtotoni mwa meza hadi mpwa wa Mwenyekiti afike kutoka mjini. Lieleze sifa, malipo na siku ya mwisho. Usaili uwe na swali la vitendo, kama lile la benki, lenye jibu ambalo mjumbe yeyote aweza kulihakiki. Muhtasari uonyeshe alama za kila mwombaji, nami nitauomba nikija kukagua. Na wale walioshindwa waandikiwe. Mistari mitatu yatosha. Kijana anayengoja jibu miezi minne, huku asithubutu kuomba kwingine kwa kuwa mwataka aripoti mara moja, mmemwibia msimu mzima.

Kuna watakaosema kwamba vijana waache kutafuta ajira, wajiajiri. Huo ni mjadala wa siku nyingine, na unataka mtaji ambao aliyekaa pale nyuma hana leo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeacha kwa Katibu wako nakala za lile zoezi la benki, bila majibu. Kijana yeyote anayetaka alifanye usiku wa leo, aniletee kesho saa mbili asubuhi hapa ofisini, tutalipitia pamoja. Na Makatibu ambao vyama vyao vitahitaji makarani wa msimu, nawaomba waandike idadi na tarehe katika karatasi iliyo mlangoni kabla ya kuondoka. Sasa napokea maswali.